Mlaji Akija na Lalamiko: Namna ya Kuendesha Dawati la Walaji Moshi

Mwongozo huu ni wa watu wanaotaka kuwasaidia walaji wenzao mtaani, yaani wanunuzi wa bidhaa na huduma: akina mama wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) pale Pasua, vijana wa parokia au wa msikiti, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika wenye nafasi Jumamosi. Hamhitaji wakili wala ofisi yenye viyoyozi. Meza, daftari la kaunta, simu yenye kamera na watu wawili wenye subira vinatosha kuanza.

Niweke msimamo wangu wazi mapema, maana hatua zote zinazofuata zinautegemea. Shirika la kutetea walaji halikuanzishwa ligombane na wafanyabiashara. Kazi yake ni kumpokea mtu aliyeudhika, kuliweka lalamiko lake kwenye faili linalosomeka, kisha kulifikisha kwa mwenye mamlaka ya kuamua. Walalamikaji Moshi tunao tele. Panda daladala, kaa saluni, simama kwenye foleni ya benki, utasikia kisa cha chaja feki au ankara ya maji isiyoeleweka. Kinachokosekana ni karatasi. Ofisi za serikali zinazosimamia mambo haya zipo, nyingine hapa hapa mjini na nyingine Arusha, kilomita 80 hivi kwa basi. Lakini afisa hafungui faili kwa sababu mtu amekasirika. Hufungua faili kwa sababu ameletewa tarehe, kiasi, jina la duka na nakala ya risiti.

KABLA YA KUWEKA MEZA

Usajili usiwachelewesheni. Mkitaka kuwa kikundi cha kijamii, anzieni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, atawaelekeza taratibu za halmashauri. Mkikua na kutaka kuwa asasi kamili, ipo Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002. Vyovyote iwavyo, jitambulisheni kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata kabla ya siku ya kwanza. Watu wakianza kuitwa kwa barua zenu, viongozi hao ndio watakaoulizwa nyinyi ni akina nani.

Kanuni mbili ziandikwe na kila mwanakikundi azisaini. Ya kwanza, kikundi hakipokei fedha, zawadi wala "soda" kutoka kwa mfanyabiashara yeyote, na hakimkati mlalamikaji asilimia ya anachorudishiwa. Ya pili, mwanakikundi mwenye duka au ndugu mwenye duka la bidhaa inayolalamikiwa anakaa pembeni katika shauri hilo. Mji wetu ni mdogo, tunajuana kwa koo na kwa vijiji tulikotoka. Siku watu watakaposema dawati ni la fulani na shemeji zake, fungeni tu.

HATUA YA KWANZA: MSIKILIZE AMALIZE, NDIPO UANDIKE

Mtu anapofika huwa ameshazungushwa. Mpe kiti, mwache aseme mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha chukua kalamu urudi naye mwanzo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mashauri mengi huharibika katika dakika kumi hizi. Tuseme amefika mama wa makamo, friji yake haigandishi.

"Shikamoo mama. Karibu ukae."

"Marahaba mwanangu. Nimeibiwa mimi! Yule si mfanyabiashara, ni mwizi."

"Pole sana mama. Hebu tuanze taratibu. Friji ulinunua lini?"

"Si juzi tu, hata mwezi haujaisha."

"Tuitafute tarehe yenyewe. Ulilipa taslimu au kwa simu?"

"Kwa simu. Kijana alinipa lipa namba."

"Basi tufungue meseji zako, tarehe itakuwemo."

Mnaona kilichotokea. Mama hakubishiwa kuhusu neno mwizi, wala neno hilo halikuandikwa. Kilichoandikwa ni tarehe, na tarehe imetoka kwenye meseji badala ya kumbukumbu.

Maswali ambayo hamtakiwi kuyaruka ni haya: umenunua nini hasa, aina na namba yake ya utambulisho, lini, wapi, kwa bei gani, ulilipaje, nani alikuhudumia, uliambiwa nini kuhusu bidhaa kabla ya kulipa, tatizo lilianza lini na linaonekanaje, ulimrudia muuzaji, alijibu nini. Swali la mwisho ndilo linalosahaulika na ndilo zito kuliko yote: sasa unataka nini? Kubadilishiwa, kutengenezewa, kurudishiwa fedha yote, kupunguziwa? Wapo wanaotaka tu kuombwa radhi, na hilo nalo ni dai halali la kuandikwa. Mtu asiyejua anachotaka atakataa kila suluhu, na nyinyi mtachoka naye.

Mkimaliza, msomee alichosema kwa Kiswahili kilekile alichotumia, arekebishe, asaini au aweke dole gumba. Mpe nakala yenye namba ya shauri.

HATUA YA PILI: KUSANYA USHAHIDI KABLA HAUJAPOTEA

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ndiyo mama wa ushahidi wote. Ina jina la biashara, TIN (namba ya mlipakodi), tarehe, saa, kiasi na msimbo wa kuhakiki, na uhalisi wake unaweza kukaguliwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato, TRA. Wino wake hufifia upesi, hasa ikikaa kwenye pochi karibu na simu au kwenye dashibodi ya gari, kwa hiyo ipigeni picha siku hiyohiyo. Wafundisheni watu wa mtaa jambo hili kabla hawajapata matatizo: ukinunua, dai risiti, na hakikisha kiasi kilichoandikwa ndicho ulicholipa. Duka likikuuzia kitu cha laki tano na kukupa risiti ya laki mbili, siku ya madai utakuwa mlaji wa laki mbili.

Asiye na risiti hajapoteza kila kitu. Meseji ya malipo ya simu inaonyesha jina, kiasi, tarehe na namba ya muamala, asiifute. Boksi la bidhaa, kadi ya waranti, mazungumzo ya WhatsApp na muuzaji, tangazo lililomvutia mteja, jirani aliyeenda naye dukani, vyote vina uzito. Tangazo lipigwe picha ya skrini mara moja, maana wauzaji wa mtandaoni hufuta.

Bidhaa yenyewe iachwe kama ilivyo. Mlalamikaji akishaipeleka kwa fundi wa jirani ikafunguliwa, muuzaji atasema fundi ndiye aliyeiharibu, na hapo mtakuwa na kazi ngumu ya kuthibitisha vinginevyo. Kama ni chakula, asitupe pakiti. Namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi ndizo zitakazomwezesha mkaguzi kufuatilia mzigo mzima. Kama mtu ameugua, hospitali kwanza, iwe Mawenzi au kituo cha afya kilicho karibu, na maelezo ya daktari yaingie kwenye faili.

HATUA YA TATU: HAKIKI KWA MIKONO YENU

Malalamiko kadhaa mnaweza kuyapima wenyewe, na kila dawati linatakiwa kujua namna. Nachukua mtungi wa gesi, kwa sababu karibu kila nyumba mjini sasa inao.

Shika mtungi wa kilo 6 uliojazwa. Tazama kwenye shingo au kwenye mkono wa juu, utaona uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa, mara nyingi pembeni ya herufi T.W. Tuseme imeandikwa 7.2. Ongeza 6, unapata 13.2. Mtungi huo ukiwekwa kwenye mizani unatakiwa usome kilo 13.2. Ukisoma 12.4, umelipia kilo sita ukapewa tano na ushee. Mawakala wa gesi wanatakiwa kuwa na mizani dukani, kwa hiyo mteja ana haki ya kuomba mtungi upimwe mbele yake kabla hajalipa, na pia kutazama kama lakiri ya mdomoni haijaguswa. Anayekataa kupima, usinunue kwake. Mkipata mtungi uliopungua, piga picha tatu: chapa ya uzito mtupu, kioo cha mizani kikionyesha namba, na lakiri. Hapo mna shauri linalosimama.

Mizani ya sokoni nayo ina mambo yake. Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya biashara kila mwaka na kuweka stika. Tazameni kama ipo na ni ya mwaka gani. Kabla nyama au mchele haujawekwa, mshale uwe kwenye sifuri. Mkiwa na shaka, wekeni juu yake pakiti ya sukari ya kilo 1 iliyofungwa kiwandani. Jaribio hilo peke yake halithibitishi kosa, ila mizani ikisoma vingine kwa tofauti kubwa mna sababu ya kumwita mkaguzi. Ofisi ya Wakala ipo mkoani Kilimanjaro, hamna haja ya kwenda mbali.

Kuhusu lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi: mzigo wa mazao kwenye gunia hautakiwi kuzidi kilo 100, na kile kilemba cha juu kinachofungwa kwa kamba ni kuvunja sheria ya vipimo. Anayeumia kwanza ni mkulima aliyeuza viazi shambani. Mlaji wa soko la Mbuyuni anayenunua kwa sado na ndoo naye haumii kidogo, kwa sababu kopo linaweza kubonyezwa kitako na ndoo inaweza kukatwa. Napenda kuona akina mama wakiuza kwa kilo. Najua mizani ni gharama kwa mwenye genge, kwa hiyo hapa dawati lielimishe kwanza kabla ya kushtaki. Mwenye ghala na lori hana udhuru huo.

HATUA YA NNE: RUDINI KWA MUUZAJI, KWA ADABU NA KWA MAANDISHI

Msiruke hatua hii hata kama mlalamikaji anataka polisi leo. EWURA (wasimamizi wa nishati na maji), TCRA (wasimamizi wa mawasiliano) na Benki Kuu zote huuliza kwanza kama mtoa huduma alipewa nafasi ya kurekebisha. Na kwa nilivyoona, wauzaji wengi wenye duka la kudumu hulegea wanapoona barua yenye tarehe, kwa sababu wanajua barua ni mwanzo wa faili.

Mfano wa barua ya yule mama ni huu:

Moshi, 14 Februari

Kwa Meneja wa duka,

YAH: FRIJI ILIYOACHA KUGANDISHA NDANI YA SIKU TISA

Tarehe 3 Februari nilinunua dukani kwako friji ya milango miwili ya kijivu kwa shilingi 780,000. Nakala ya risiti na ya meseji ya malipo nimeziambatisha. Tarehe 12 Februari friji iliacha kugandisha. Taa inawaka na mota inanguruma, lakini haipoozi kabisa. Tarehe 13 nilifika dukani nikajibiwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Naomba unibadilishie friji nyingine ya aina hiyohiyo iliyo nzima, au unirudishie shilingi 780,000. Naomba jibu la maandishi kabla ya tarehe 28 Februari. Nisipolipata, nitapeleka lalamiko langu Tume ya Ushindani, ofisi ya Kanda ya Kaskazini, Arusha.

Wako, (saini, jina, namba ya simu)

Basi. Hakuna tusi, hakuna simulizi ya namna alivyopata taabu ya kukopa, hakuna vitisho vya kwenda redioni. Ipelekeni nakala mbili, moja wagongee mhuri au wasaini kwamba wameipokea. Wakikataa kusaini, andikeni tarehe, saa na jina la aliyekataa, kisha itumeni pia kwa WhatsApp ya duka ili ibaki alama.

Sasa kuhusu lile bango lililobandikwa nyuma ya kaunta nyingi za mji huu, MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Wateja wengi wanaliamini kama sheria ya nchi. Sivyo. Sheria ya Ushindani ya 2003 na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa zinataka bidhaa iwe na ubora unaokubalika, ifae kwa kazi iliyonunuliwa, na ilingane na maelezo aliyotoa muuzaji. Bango la ukutani haliondoi wajibu huo. Friji isiyogandisha haifai kwa kazi ya friji, hata bango lingeandikwa kwa herufi za dhahabu.

Lakini semeni na upande wa pili, mlalamikaji asije akabeba matumaini hewa. Gauni ulilopenda dukani likakuchukiza nyumbani halikupi haki ya kurudisha, labda muuzaji akubali kwa hiari. Kasoro uliyoonyeshwa ukakubali bei ya chini, umeinunua pamoja na bidhaa. Mtumba wa soko la Memorial ulioukagua mwenyewe mwanga ukiwepo ni wako na tundu lake. Dawati linalomwambia mtu ukweli kwamba hana dai linajijengea heshima hata kwa wafanyabiashara.

HATUA YA TANO: MLANGO UPI?

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Mtu ana lalamiko zuri kabisa, anazungushwa ofisi nne kwa sababu alianza na isiyohusika, anakata tamaa. Dawati likijua milango tu, limeshafanya nusu ya kazi.

Bidhaa bandia, bidhaa mbovu ambayo muuzaji amekataa kurekebisha, matangazo ya kupotosha, mikataba kandamizi: Tume ya Ushindani, FCC, yenye ofisi ya kanda Arusha. Tume hiyo ndiyo pia inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa, kwa hiyo soketi na chaja zenye nembo ya kughushi ni za kwao. Mkoa wetu una mpaka wa Holili, na bidhaa za kila namna hupita. Msidharau lalamiko la kebo ya umeme ya bei chee, nyumba zinaungua.

Chakula kilichoharibika au kupita muda, vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni, na ubora wa bidhaa za viwandani kwa jumla: Shirika la Viwango, TBS, nalo lina ofisi ya Kanda ya Kaskazini. Bado wapo wanaosema watakwenda TFDA. Tangu Julai 2019 chakula na vipodozi vimehamia TBS, na iliyokuwa TFDA sasa ni TMDA, inayoshughulika na dawa na vifaa tiba. Ukipata dawa yenye shaka, mlango ni TMDA. Kwa mgahawa mchafu au bucha yenye nzi, usisafiri, muone Afisa Afya wa kata.

Umeme, maji, mafuta na gesi vinasimamiwa na EWURA, lakini baada ya kuanza na TANESCO, au na MUWSA kwa maji ya Moshi mjini. Kwa ankara za maji, mshaurini kila mtu apige picha mita yake mara moja kwa mwezi, tarehe ionekane. Picha hizo humaliza ubishi wa makadirio kuliko maneno yoyote. Kwa mafuta, EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei ya Moshi hailingani na ya Rombo au Same, kwa hiyo tazameni mstari wa wilaya yenu. Kituo kinachouza juu ya bei hiyo kinavunja sheria. Picha ya bango la bei na risiti ya pampu vinatosha kufungua shauri. Lalamiko likifika EWURA rasmi, pande zote huitwa, hujaribiwa usuluhishi, na likishindikana husikilizwa na kutolewa uamuzi. Asiyeridhika hukata rufaa Baraza la Ushindani.

Simu na intaneti: mtandao husika kwanza, kisha TCRA. Namba za matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" zitumwe kwenda 15040. Kila anayefika mezani kwenu mfundisheni kupiga *106# aone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, maana wapo waliosajiliwa laini wasizozijua. Kama fedha imeshatumwa kwa tapeli, msipoteze hata nusu saa kwenye daftari lenu: apige kwanza huduma kwa wateja wa mtandao wake wazuie muamala, aende polisi, ndipo arudi kuandikisha.

Mikopo nataka kuisema kwa uchungu, kwa sababu kausha damu, mikopo ya riba ya kuumiza, imevunja nyumba za watu hapa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni ya Benki Kuu, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikiendeshwa bila kibali. Mtu akija na shauri la mkopo, ombeni mkataba. Mara nyingi hana nakala, na hilo lenyewe ni lalamiko. Andikeni kiasi alichopokea mkononi, kiasi alichoandikiwa, riba, tozo na adhabu za kuchelewa, kila kimoja kwenye mstari wake. Benki Kuu ina tawi Arusha. Na kama mkopeshaji amewatumia meseji wakwe, mwajiri na waumini wenzake kumdhalilisha, hilo ni shauri jingine tena: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusika, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko.

Bima iliyokataa kulipa: kampuni, kisha TIRA (mamlaka ya bima) au Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mabasi na daladala: LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ina ofisi mkoani.

HATUA YA SITA: FUATILIENI

Kila shauri liwe na ukurasa wake. Juu kabisa andikeni namba, chini yake tarehe na kilichofanyika, hata kama ni simu iliyopigwa haikupokelewa. Peleka nakala ofisini, halisi ibaki kwa mlalamikaji. Omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko na jina la afisa aliyelipokea. Ulizeni wiki mbili baadaye, kwa upole, mkitaja namba hiyo. Afisa mwenye mafaili mia hukumbuka la yule aliyepiga simu kwa adabu na kwa wakati.

HATUA YA SABA: UNGANISHENI YANAYOFANANA

Hii ndiyo faida ya kuwa kikundi badala ya mtu mmoja. Mkoa huu haupaswi kufundishwa jambo hilo: wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza kujiunga mwaka 1925, na mwaka 1933 wakawa na KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, kwa sababu mkulima mmoja mmoja hakuwa na sauti mbele ya mnunuzi. Mlaji mmoja mmoja yuko vilevile.

Chukueni Desemba. Kila mtu anapanda nyumbani kula sikukuu, na nauli ya kutoka Dar es Salaam nayo hupanda kuliko iliyopangwa na LATRA. Abiria hulipa akinung'unika, akifika Moshi anakula mtori na kusahau. Ujanja unaotumika ni huu: tiketi huandikwa nauli halali, fedha mkononi huchukuliwa zaidi. Mmoja akilalamika, wakala anakana. Sasa dawati liwatangazie watu mapema, kuanzia Novemba: lipeni kwa simu panapowezekana ili kiasi kibaki kwenye meseji, pigeni picha tiketi na namba za basi, na abiria mkiwa safarini badilishaneni namba za simu. Tarehe 27 Desemba kaeni mezani mkusanye. Watu kumi na watano wa basi lilelile, siku ileile, wenye meseji zinazoonyesha kiasi kilekile kilichozidi tiketi, wanaandika barua moja kwenda LATRA. Barua hiyo haikaniki kirahisi.

Fanyeni hivyohivyo kwa ankara za maji za mtaa mmoja zilizoruka mwezi mmoja, au kwa wateja wa fundi mmoja wa madirisha aliyekula malipo ya awali ya familia tano. Kila mwisho wa mwezi pitieni daftari mkitafuta jina la duka linalojirudia.

MAHAKAMA

Ikishindikana kabisa, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai madogo, na huendeshwa kwa Kiswahili. Faili lenu likiwa zuri, mlalamikaji atajieleza mwenyewe. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo, waunganisheni naye. Mwambieni ukweli pia kuhusu muda na nauli za kwenda na kurudi. Kwa dai la elfu thelathini, suluhu ya nusu hasara leo huenda ikamfaa zaidi.

YA KUEPUKA

Msirushe picha ya duka au ya mwenye duka kwenye magrupu ya WhatsApp mkiandika TAPELI HUYU. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo, na hata kama mna ukweli, mtakuwa mmemhukumu mtu kabla hajajibu. Taarifa za mlalamikaji nazo ni amana: namba yake ya NIDA, deni lake, ugonjwa uliompata kwa chakula kibovu, visisimuliwe kwenye kijiwe cha kahawa. Daftari lifungiwe kabatini.

Msijifanye wakaguzi. Hamna mamlaka ya kuingia stoo ya mtu wala kuchukua bidhaa yake. Mnachoruhusiwa ni kuona kile mteja yeyote anaweza kuona, kukiandika, na kumwita mwenye mamlaka.

SIKU YA KWANZA

Siku nzuri ya kufungua ni tarehe 15 Machi, Siku ya Haki za Mlaji Duniani. Chimbuko lake ni ujumbe maalumu wa Rais John F. Kennedy wa Marekani kwa bunge la nchi yake mwaka 1962, ambao ndani yake alitaja haki ya mlaji kupata usalama, taarifa, uchaguzi na kusikilizwa. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ukapitisha miongozo ya kuwalinda walaji. Ofisi za serikali nazo huwa zimejiandaa kwa siku hiyo, kwa hiyo barua ya kuomba afisa wa Vipimo au wa TBS aje sokoni ipelekwe mwezi mmoja kabla.

Hotuba ziwe fupi. Ombeni kibali kwa uongozi wa soko la Mbuyuni, wekeni mizani iliyokaguliwa kwenye meza mbele ya watu, na kila aliyenunua kitu asubuhi hiyo aruhusiwe kukipima bure: nyama, maharage, mtungi wa gesi aliobeba begani. Wekeni daftari kando. Wenye maduka nao waalikwe, wapewe nafasi ya kusema kero zao, kwa sababu wengi wao waliuziwa bidhaa feki na wauzaji wa jumla kabla hawajamuuzia mteja, na wao pia wana haki ya kuandikisha. Lalamiko namba moja mtalipata kabla ya saa nne.